Vitufe 24, Funksheni Moja

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesoma chuo alinitumia faili la Python, lugha ya kuandikia programu, na ujumbe mfupi: "Shikamoo kaka. Hii ni programu ya duka la dawa. Inafanya kazi, ila kila nikirekebisha kitu kimoja kingine kinaharibika. Naomba uniangalizie." Nikalifungua. Kulikuwa na vitufe 31, na kila kitufe kina funksheni yake, yaani kipande cha msimbo chenye jina kinachofanya kazi moja kikiitwa: bonyeza_1, bonyeza_2, mpaka bonyeza_31. Zote ni mapacha, zinatofautiana kwa jina la dawa na bei tu. Nikafunika kompyuta, nikatoka nje kwanza. Faili kama hilo niliwahi kuliandika mwenyewe, na lilinigharimu.

Wakati ule ndiyo kwanza nimejifundisha Tkinter, maktaba ya madirisha na vitufe inayokuja pamoja na Python. Mama mmoja mwenye mgahawa karibu na nilipopanga akaniamini. Alitaka mhudumu abonyeze jina la chakula na jumla ijihesabu yenyewe. Nilikesha siku tatu. Chapati, chai, wali maharage, ugali samaki: vyakula 24. Na kwa kuwa kuna wateja wanaokula pale pale na wengine wanaofungiwa chakula waondoke nacho, nikatengeneza madirisha mawili. Jumla funksheni 48. Niliandika ya kwanza, nikainakili, nikabandika, nikabadili jina na bei, nikaenda inayofuata. Faili lilipovuka mistari 400 nilijiona fundi kamili.

Unga ukapanda bei. Chapati ikatoka shilingi 300 ikawa 500. Mama akanipigia simu, nami nikabadili ndani ya dakika tano, dirisha moja. La pili nikalisahau. Kwa siku 11 chapati za kufungiwa ziliuzwa kwa bei ya zamani, kama 40 kwa siku. Siku ya 12 akaniita. "Mwanangu, mbona unga unaisha na hela ya chapati siioni?" Tulikaa na daftari lake mpaka saa nne usiku. Hasara ilikuwa shilingi 88,000. Nilimlipa kwa mafungu mawili. Hakunigombeza hata kidogo. Alisogeza kompyuta pembeni, akaweka daftari pale ilipokuwa, na kesho yake wahudumu wakarudi kuandika kwa kalamu. Ni miaka sita sasa, na nikipita pale bado moyo unaniuma. Bora angenifokea.

Nilichokosea hasa ni kuiweka bei moja mahali pawili, kwa sababu nilidhani kila kitufe lazima kiwe na funksheni yake. Funksheni ya mwitiko, yaani ile unayokikabidhi kitufe ili iitwe kikibonyezwa, si mali ya kitufe kimoja. Inaweza kuvihudumia hata vitufe mia. Kitendo ni kile kile, kuuza. Kinachobadilika ni jina na bei. Basi majina na bei yakae kwenye orodha moja, kitendo kikae kwenye funksheni moja, uza(jina, bei), na vitufe vitengenezwe kwa lupu, yaani msimbo unaojirudia kwa kila kilichomo kwenye orodha. Chapati ikipanda, unagusa namba moja, na madirisha yote mawili yanaisoma hapo hapo.

Niliposhika wazo hilo niliingia kwenye mitego miwili, na najua nawe utaikuta. Wa kwanza: kwenye command, pale kitufe kinapokabidhiwa funksheni yake, niliandika command=uza("Chapati", 500). Hapo funksheni inaitwa papo hapo, wakati kitufe kinatengenezwa, na kitufe chenyewe kinabaki mikono mitupu. Kitufe kinataka funksheni, si matokeo yake. Kwa hiyo nikaifunga ndani ya lambda, funksheni fupi isiyo na jina inayoandikwa hapo hapo:

for jina, bei in vyakula:
    Button(dirisha, text=jina, command=lambda: uza(jina, bei)).pack()

Dirisha likafunguka, maandishi yote mahali pake. Nikabonyeza Chapati, ikauzwa soda. Nikabonyeza Chai, soda. Kila kitufe kiliuza soda, kwa sababu soda ilikuwa ya mwisho kwenye orodha. Usiku kucha nilitafuta kosa ndani ya uza, na halikuwamo. Lambda haichukui thamani siku inapoumbwa. Inakumbuka kigeu tu, yaani jina linaloshika thamani, na inakwenda kukitazama baadaye, kitufe kinapobonyezwa. Kufikia hapo lupu imeshakwisha na kigeu kimebaki na soda.

Dawa ni kuipa lambda thamani mapema: command=lambda jina=jina, bei=bei: uza(jina, bei). Thamani za namna hiyo hushikwa pale pale lambda inapoumbwa, kila mzunguko wa lupu na zake. Au tumia partial kutoka functools, moduli inayokuja na Python: command=partial(uza, jina, bei). Mimi hii ya pili ndiyo ninayoipenda, anayesoma msimbo wako anaielewa kwa jicho moja. Wanaotumia PyQt, maktaba nyingine ya madirisha, wawe macho zaidi na ile lambda: clicked, ishara ya kitufe kubonyezwa, hutuma thamani yake ya ziada, ya kweli au uongo, nayo inaingia kwenye parameta yake ya kwanza, yaani nafasi ya jina. Jina la chakula linageuka False. Itengee nafasi yake mbele: lambda _, jina=jina, bei=bei: uza(jina, bei).

Ndugu yangu, wewe na mimi tunataka kitu kimoja: kuandika programu ambazo watu wa mitaani kwetu watazilipia, wenye maduka, zahanati, migahawa. Watu hao hawana hela ya kufidia uvivu wetu. Mkono ukienda kunakili funksheni kwa mara ya pili, usimamishe. Ukiona bei imeandikwa ndani ya funksheni, itoe. Usinakili. Mama yule hakujua lambda ni nini wala hakupaswa kujua; alitukabidhi riziki yake, na ni juu yetu kuilinda.

Yule mdogo wangu nimemrudishia faili lake bila kulirekebisha. Nimemwandikia hizo njia mbili na kumwambia afanye mwenyewe, kisha anitumie kabla ya Ijumaa. Likifika nitabonyeza vitufe vyote 31, kimoja kimoja, huku orodha ya bei iko pembeni.