Majibu kwa Wasomaji: Picha ya Viza

Barua tulizozichagua safari hii zinatoka kwa watu wenye safari tofauti, lakini takriban zote zina lalamiko moja: picha ilipigwa, ikalipiwa, ikapendeza, kisha ikakataliwa.

SWALI: Mimi ni mstaafu, naishi Voi. Binti yangu aliyeko Minnesota amenialika nikamtembelee, na mjukuu wangu ndiye anayenijazia DS-160, ile fomu ya kuombea viza ya Marekani, kwenye kompyuta. Nilikwenda studio nikaomba paspoti saizi, nikavalishwa koti na tai, nikapigwa picha mbele ya pazia la bluu nikiwa na miwani yangu. Fomu imeikataa mara tatu. Mjukuu analaumu mtandao, nami naishuku picha. Ukweli ni upi?

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Mtandao hauna hatia. Kilichokuponza ni hilo neno "paspoti saizi", ambalo sote tunalitamka dirishani kana kwamba dunia nzima ina kipimo kimoja, ilhali kila nchi ina chake. Marekani hutaka picha ya mraba yenye milimita 51 kwa 51. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, Ujerumani ikiwemo, hutaka milimita 35 kwa 45. China hutaka milimita 33 kwa 48. Mpiga picha asiyeambiwa ni viza ya nchi gani atakukatia kile alichozoea kuwakatia wateja wake wa kila siku, na hapo huwezi kumlaumu.

Kwa viza ya Marekani, mraba wenyewe hautoshi. Kichwa, kuanzia kidevuni hadi utosini, kinapaswa kuchukua kati ya asilimia 50 na 69 ya urefu wa picha, yaani milimita 25 hadi 35 kwenye karatasi. Mandhari ya nyuma iwe nyeupe au nyeupe iliyofifia, kwa hiyo pazia la bluu haliwezi kupita hata likiwa jipya. Miwani nayo imekatazwa tangu tarehe 1 Novemba 2016, isipokuwa kwa sababu adimu za kitabibu zinazothibitishwa kwa maandishi ya daktari yaliyotiwa saini. Koti halikukuponza. Tunalifahamu vyema hilo koti la studio linaloning'inia kwenye msumari pamoja na tai iliyokwisha kufungwa, ambalo limewasitiri wateja wengi kabla yako. Halikatazwi, ila pia halikuongezei chochote, kwani shati lako la kila siku lingetosha.

Faili yenyewe inayopandishwa kwenye fomu iwe ya aina ya JPEG, iwe ya mraba wa pikseli 600 kwa 600 hadi 1200 kwa 1200, na uzito wake usizidi kilobaiti 240. Picha itokayo moja kwa moja kwenye simu ya kisasa huwa na uzito mara kumi ya huo au zaidi, hivyo mjukuu wako aikate mraba kwanza ndipo aipunguze. Mwambie pia amwombe mpiga picha amtumie faili kwa barua pepe, au kama ni kwa WhatsApp, aitume kama hati na si kama picha, maana ikitumwa kama picha hubanwa njiani na kupoteza ubora. Ikiwa fomu itaendelea kuikataa, maombi hayafi: utachukua picha moja iliyochapishwa kwa kipimo hichohicho uende nayo siku ya mahojiano.

SWALI: Dada yangu anaishi Hamburg na ninaomba viza ya Ujerumani nikamwone. Mimi huvaa ushungi na sitaki kuuvua mbele ya mwanamume nisiyemjua. Rafiki yangu amenitisha kwamba masikio lazima yaonekane, na kwamba nivue na kipini. Mume wangu naye anauliza juu ya kofia yake ya vito. (Mama, Mombasa)

JIBU: Rafiki yako amekutisha bure, bibie. Ushungi unaovaliwa kwa sababu za dini unakubalika. Kinachotakiwa ni uso wote uonekane, kuanzia ncha ya kidevu hadi juu ya paji, pamoja na pande zote mbili za mashavu, bila kivuli. Kipini na hereni havina neno mradi havimeti wala havifichi sehemu ya uso.

Tatizo la ushungi kwa kawaida huwa katika ufungaji wake. Ile kofia ya ndani inayovaliwa chini ya mtandio wengi huishusha hadi karibu na nyusi. Irudishe nyuma mpaka zinapoanzia nywele. Pini ya chini ya kidevu nayo huvuta kitambaa kikameza kidevu chenyewe, na mpima picha hana pa kuanzia kupima. Ilegeze kidogo. Usivae mtandio mweupe, kwa kuwa mandhari ya nyuma ni ya rangi nyepesi na kichwa kitaonekana kama uso unaoelea hewani. Wala usivae ule wa satini unaong'aa. Kitambaa cha pamba cha rangi iliyokolea, kisicho na maua makubwa, ndicho kinachokaa vizuri zaidi. Kwa anayevaa nikabu hakuna njia ya mkato, kwani uso lazima ufunuliwe, lakini anaweza kutafuta mpiga picha mwanamke, au akapigwa nyumbani na ndugu yake, kisha faili ikapelekwa studio kwa kuchapishwa.

Kuhusu kofia ya mume wako, jibu linategemea sababu ya kuivaa. Vazi la kichwa linaloruhusiwa ni lile la dini. Kofia ya mila, ya heshima au ya kuficha upara huvuliwa. Akiwa anavaa miwani, Schengen haikatazi moja kwa moja, ila macho yaonekane wazi na vioo visirudishe mwanga. Ushauri wangu ni kwamba aivue tu, maana taa mbili za studio zikimulika kioo, hata mpiga picha hodari huhangaika.

Kipimo cha Schengen ni kikali zaidi kuliko cha Marekani kwa upande wa uso: kichwa huchukua asilimia 70 hadi 80 ya urefu wa picha, yaani milimita 32 hadi 36. Ukimweleza mpiga picha, atadhani umekosea kwa sababu kichwa kitaonekana kikubwa mno. Hujakosea.

SWALI: Nina studio Bukoba. Wateja wangu wengi ni watu weusi kama mimi, na mandhari nyeupe inanitesa. Uso unatoka gizani, au nikiongeza flashi paji linang'aa kama sufuria. Nimeanza kuwapiga wateja mbele ya pazia lolote kisha nawakata kwa programu na kuwabandika kwenye weupe. Nafanya sawa?

JIBU: Ndugu yangu, swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa kuwa wateja wanaokataliwa hujilaumu wenyewe au huulaumu ubalozi, wakati kosa lilianzia kwenye mwanga.

Kamera hupima mwanga wa eneo lote lililo mbele yake. Ikikuta sehemu kubwa ni nyeupe, hudhani mwanga umezidi na kuupunguza, ndiyo maana ukuta hutoka wa kijivu na uso mweusi ukazama usionekane mboni wala nywele. Pima mwanga kwenye uso wa mteja na si kwenye ukuta, au ongeza mwangaza hatua moja juu ya ule uliochaguliwa na kamera. Kwenye simu, gusa uso kiooni kisha pandisha alama ya jua taratibu.

Flashi ya mbele iache. Msogeze mteja mbali na ukuta kiasi cha mita moja, ili kivuli chake kianguke sakafuni badala ya kumsimamia nyuma ya sikio. Weka taa mbili, moja kila upande, zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa cheupe chembamba ili zimwage mwanga badala ya kuuchoma usoni. Umeme ukikatika, dirisha kubwa la kivulini linatosha kabisa: mteja alitazame dirisha nawe uligeuzie mgongo, ukijitenga kidogo upande ili usimkingie mwanga. Ikiwa dirisha liko ubavuni, shika karatasi ya manila upande wa pili ili irudishe mwanga kwenye shavu lililo gizani. Kabla ya kubofya, mpe mteja karatasi laini ajifute jasho la pua na paji. Hilo huondoa mng'ao kuliko marekebisho yoyote ya baadaye.

Ule mtindo wa kukata na kubandika uuache pia. Programu hula kingo za nywele na masikio, hasa nywele zetu za kipilipili na misuko, na huacha utepe mwembamba wa rangi ya pazia la zamani kuzunguka kichwa. Vilevile usimlainishe mteja ngozi, usimfute kovu wala doa, usimpunguze mashavu. Najua wateja hupenda, na wengine hurudi wakilalamika kwamba umewazeesha. Lakini picha ya viza hulinganishwa na uso ulio hai, na mara nyingi mlinganishaji wa kwanza ni mashine inayopima macho yamepishana kiasi gani na kidevu kimeishia wapi. Ukimpendezesha, umempa sura ya mtu mwingine. Zingatia pia simu, kwani nyingi hulainisha uso zenyewe bila kuulizwa. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime hicho kipengele kabla mteja hajaketi.

SWALI: Mtoto wetu wa miezi mitano anatakiwa kufanyiwa upasuaji wa moyo Chennai. Tunamwombea viza ya India kwa njia ya mtandao. Studio mbili zimeshindwa kumpiga, na picha ya tatu ina mkono wangu. (Mama, Dar es Salaam)

JIBU: Pole sana, mama, na Mungu amjalie mtoto afya. Achana na studio. Tandika shuka jeupe kitandani karibu na dirisha, livute lisiwe na mikunjo, mlaze mtoto chali, kisha mtu mmoja asimame juu yake apige akiwa amenyoosha simu sambamba na uso, akiangalia kivuli chake kisimwangukie mtoto. Wewe kaa nyuma ya simu umwite kwa jina au utikise funguo, ili atazame juu macho yakiwa wazi. Toa chuchu ya plastiki mdomoni. Mkono wako, hata kidole kimoja kilichoshika shingo, kisionekane. Piga nyingi, hata 40, asubuhi akiwa ameshiba, kwani inahitajika moja tu. Kwa viza hiyo ya India picha iwe ya mraba, aina ya JPEG, yenye uzito usiopungua kilobaiti 10 wala kuzidi megabaiti 1, na isiwe na fremu pembeni. Nawe unayemsindikiza utahitaji viza yako na picha yako.

SWALI: Ninafanya biashara Kariakoo na huenda Guangzhou kuchukua mzigo. Nimebakiwa na picha nne za Schengen za mwaka juzi. Je, nizipunguze kwa mkasi nizitumie kwa viza ya China?

JIBU: Hapana, na hesabu yenyewe inakataa. Picha ya Schengen ina urefu wa milimita 45, na ya China inahitaji 48. Mkasi hupunguza, hauongezi. Kichwa nacho kwa China kiwe na urefu wa milimita 28 hadi 33, wakati hizo zako zimepigwa kwa 32 hadi 36. Isitoshe, picha ya viza isizidi miezi 6 tangu ipigwe, na za mwaka juzi zimepitwa na muda huo mara kadhaa. Piga mpya, na umwombe mpiga picha aache nafasi ya kutosha juu ya kichwa na mabegani, akupe faili nzima kabla ya kuikata, ili ukipata safari nyingine ndani ya miezi hiyo 6, kipimo kingine kikatwe kutoka kwenye faili hiyohiyo.