Fomu inasema subiri, nisubiri mpaka lini?

MUULIZE FUNDI

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi nina steshenari ndogo hapa Tanga, natoa kopi, naprinti, nawajazia watu fomu za mtandaoni, ndo kazi yangu ya kila siku. Kompyuta yangu ya zamani kidogo, mwaka juzi mtoto wa dada yangu aliniondolea Windows akaniwekea Linux kwasababu flashi za wateja zilikua zinanimaliza kwa virusi, mtu anachomeka flashi yake mafolda yote yanageuka shotikati halafu anakwambia wewe ndo umemfutia kazi zake. Tangu siku hiyo sijagombana na mtu kuhusu flashi.

Sasa wiki iliyopita kaja mzee mmoja mstaafu, ana fomu ya madai ya bima katumiwa linki, nikaingia kwenye tovuti yao nikaidaunlodi. Kufungua nakuta ukurasa mmoja mweupe, umeandikwa kiingereza kwamba tafadhali subiri, na kama maneno haya hayaondoki basi programu yako ya kusomea PDF haiwezi hii kazi, kapakue Adobe Reader. Nimesubiri weee. Nikabonyeza hiyo linki, naletewa faili la Windows. Mzee kakaa kwenye benchi na bahasha yake ya vyeti ananiangalia tu. Nikapiga simu huduma kwa wateja, dada wa watu akanijibu kompyuta yako mbovu, mpeleke mteja kwingine. Na kweli mzee akanyanyuka akaenda kwa jirani. Fundi, kosa ni langu kuweka Linux? Nirudishe Windows?
Mama Steshenari, Tanga

JIBU: Mama Steshenari pole sana, na usirudishe kitu. Kompyuta yako nzima, mbovu ni hiyo fomu.

Ngoja nikueleze maana wengi wanakwama hapo hapo. PDF walianzisha Adobe mwaka 1993, halafu mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO, yani mtu yeyote anaruhusiwa kutengeneza programu ya kuisoma bila kwenda kumpigia mtu magoti. Ndo maana risiti, vyeti, barua za kazi, vyote hapo kwako vinafunguka na Linux yako bila kelele. Hiyo fomu ya mzee ni kitu kingine kimevishwa jina la PDF. Inatumia teknolojia inaitwa XFA, fomu yenyewe iko kwa ndani kama data, na ule ukurasa mweupe wa tafadhali subiri ni ganda tu la juu. Programu inayoijua XFA inamenya ganda inakupa fomu, isiyoijua inakuonyesha ganda. Kwahiyo hata ungekaa na mzee mpaka magharibi, hamna kitu kilikua kinakuja, hamna kinachodaunlodi pale nyuma. Mimi neno subiri pale naliona kama uongo mtupu.

Na hiyo linki ya kupakua ndo inanichekesha zaidi, Reader ya Linux toleo la mwisho lilitoka 2013 wakaachana nayo. Unaambiwa kanunue kiatu duka ambalo saizi yako waliacha kuleta zaidi ya miaka 10 iliyopita.

Halafu yule dada wa simu, siku ingine mwambie aifungue hiyo fomu kwenye simu yake mwenyewe. Mara nyingi haifunguki, hata awe na Reader ya simu. Sasa fikiria wateja wao wangapi wana kompyuta ya Windows nyumbani na wangapi wana simu tu mkononi, ndo utajua aliyeweka hiyo fomu aliijaribu kwenye meza yake ofisini ikakubali akaenda kunywa chai. Na si kitu kipya hicho anachong'ang'ania, PDF toleo la 2.0 lilipotoka 2017 hiyo XFA iliwekwa kwenye orodha ya vitu vya kuachwa.

Cha kufanya sasa. Hapo kwenye Linux yako nina uhakika kuna Firefox, ingia menyu, Msaada, Kuhusu Firefox, angalia namba. Kuanzia toleo la 93 la mwezi wa 10 mwaka 2021 inajua kufungua hizi fomu za XFA. Ifungue Firefox, likamate faili kwa mausi ulidondoshe juu yake, usilibonyeze mara mbili kwenye folda maana litafunguliwa na ile programu nyingine na utaletewa ganda tena. Jaza, hifadhi, printi. Sikudanganyi kwamba zinakubali zote, kuna fomu zina vitufe vya kujihakiki na mahesabu yake ya ndani, zikigoma hizo azima Windows ya mtu yenye Adobe Reader dakika 10 umalize ya mteja. Kuazima sawa, ila kubadilisha ofisi nzima kwa ajili ya fomu moja hapana.

Na waandikie. Usiandike matusi, andika hivi: fomu yenu ya madai haifunguki kwenye simu wala kwenye programu nyingi za kusomea PDF, naomba mniletee PDF ya kawaida au ya kuprinti tujaze kwa kalamu. Mara nyingi hiyo ya kalamu wanayo imelala kwenye droo. Jina la programu hata usilitaje, ukitaja Linux tu watakuona mtundu wa kompyuta na barua yako inaishia hapo, ukitaja simu watashtuka maana bosi naye ana simu.

Nikuchekeshe kidogo, usidhani ni shida ya kwetu tu. Korea Kusini, nchi yenye intaneti ya kasi kupindukia, waliishi hivi miaka 20. Mwishoni mwa miaka ya 90 walijitengenezea namna yao ya kusimba taarifa inaitwa SEED, brauza zikawa haziijui, wakaipitishia kwenye ActiveX, kiprogramu cha kuchomeka kwenye brauza, ambacho kilikua kinakubali kwenye Internet Explorer, brauza ya Windows, tu. Basi mtu mwenye Mac au Linux akitaka kulipa kitu au kuingia benki mtandaoni anakwama. Kulikua na cheti cha kidijitali cha kujitambulisha mtandaoni kilichopita njia hiyo hiyo, hadhi yake ya pekee imekuja kuondolewa kwa sheria mwezi wa 12 mwaka 2020, na Internet Explorer yenyewe Microsoft wakaizika mwezi wa 6 mwaka 2022. Yani nchi nzima ilibaki imeshikilia mlango wa nyumba ambayo mwenyewe anahama.

Yule mzee kama una namba yake mpigie, mwambie fomu imefunguka. Akishalipwa anaweza kurudi kutoa kopi.

SWALI: Fundi niaje, mimi nataka tu kuona ratiba na nauli ya basi, lakini kila nikifungua tovuti ya hiyo kampuni inanifunika skrini yote weka aplikesheni yetu, hakuna hata pa kufunga. Simu yangu imejaa, nikiweka kitu lazima nitoe kingine.
Msafiri, Mombasa

JIBU: Kaka, kwa brauza bonyeza vile vidoti vitatu vya juu, chagua tovuti ya kompyuta. Maandishi yatakua madogo, utavuta kwa vidole, lakini mara nyingi lile pazia linaondoka kwasababu tovuti inadhani umekaa mbele ya kompyuta na kwa kompyuta hawana aplikesheni ya kukuuzia. Ukiona unaisaka kila wiki, hapo hapo kwa vidoti iweke kwa skrini ya mwanzo, inakaa kama aplikesheni na haili nafasi ya maana. Na kama siku moja utaiweka yao kweli, soma inachoomba kabla ya kukubali, kuna moja niliwekewa na shemeji ilitaka majina yote ya simu yangu, na mimi nilikua nauliza tu basi la saa 3 usiku lipo au halipo. Nikaitoa, nikapiga ile namba iliyo nyuma ya tiketi ya zamani. Lilikuwepo.