Kwa nini wasiweke autokorekti ndani ya kibodi?

SWALI: Kaka shikamoo. Nina steshenari karibu na chuo, kazi yangu kubwa kuchapa barua na CV za watu. Kompyuta ninazo tatu, moja inasahihisha maneno, nyingine haisahihishi, nyingine inaharibu kabisa. Nikawaza, kwa nini hiyo autokorekti isikae ndani ya kibodi yenyewe, ukiichomeka popote imo? Au zipo ila huku hazijafika?
Dada wa Steshenari, Morogoro

JIBU: Marahaba dada. Zipo, ila ni za wale wanaopenda kuchokonoa kibodi zao, kuna programu ya bure inaitwa QMK unaipakia kwenye chipu ya kibodi, na inayo hiyo ya kusahihisha, lakini inayokuja nayo ni kikamusi kidogo cha makosa ya Kiingereza, thier inakuwa their, basi. Sasa wewe wa "nitakuchapia" na "hatukuwachapishia" utaambulia nini hapo? Kitenzi chetu kimoja kina sura kibao, kichipu kile hakiwezi kuzibeba.

Ila hilo dogo. Kubwa ni kwamba kibodi haioni kitu. Ukibonyeza A kwenye kibodi ya USB haitumi herufi, inatuma namba, A ni 4, kompyuta ndo inajua 4 iandikwe nini. Kufuta ni 42. Kwa hiyo kibodi ikitaka kusahihisha haina ujanja mwingine zaidi ya kutuma 42, 42, 42 halafu iandike upya. Haya, umefika nusu ya neno, mteja anakwambia "dada subiri, jina la baba limekosewa", unashika mausi unapanda juu kwenye jina unaanza kuandika. Kibodi haijui kama umehama! Inaunga nusu ya kule na nusu ya huku, inaona kosa, inafuta jina la mzee wa watu. Kompyuta yenyewe kwa kawaida inairudishia habari za vitaa tu, Caps Lock na wenzake, kwa hiyo kibodi haijui kama uko Word, Excel au unaandika paswedi, na paswedi ikisahihishwa wewe unaona vidoti tu, utarudia mpaka akaunti ifungwe.

Mi simu ilishanigeuzia "YAH: MAOMBI YA KAZI" ikawa "YEAH: MAOMBI YA KAZI", nimeiona kwa bahati tu kabla sijatuma 😅

We fanya hivi: kwenye Word chagua maandishi yote, weka lugha yake Kiswahili, halafu ingia kwenye orodha ya autokorekti ujaze vifupi vyako mwenyewe, mfano "mwch" iwe "Mkuu wa Chuo". Utarudia kwenye mashine zote tatu, ndiyo, vumilia. Ila "kny" (kwa niaba ya) usiiguse, barua za ofisi zinaitaka hivyohivyo ilivyo.