Kama unaenda Japani kuona nyumba za milango ya siri, anza na panya

Wiki iliyopita dada mmoja kanitumia meseji: "Kaka, Aprili nina siku 9 Japani, nataka zile nyumba za ninja zenye njia za siri, nianzie wapi, na tafadhali usinipe historia." Nikacheka, halafu nikachukia kidogo, maana huyo dada ni mimi kabisa wa miaka sita nyuma, na yule mimi wa miaka sita nyuma aliumbuka vibaya.

Nilikuwa nasoma Shizuoka. Hela yangu ya kwanza ya kibarua (nilikuwa naosha vyombo mgahawani, tusidanganyane) nikaipeleka yote kwenye sehemu moja ya burudani, jina nalihifadhi, ambako wana "nyumba ya ninja": ukuta unazunguka, unatumbukia kwenye shimo lenye mipira laini, unatokea dukani unauziwa panga la plastiki. Nikarekodi video ya dakika 14, nimejaza sauti kifuani, "nyumba hii ya kale, wapendwa watazamaji...", nikaipandisha YouTube. Mwenzangu mmoja wa maabara, Mjapani mpole asiyesema sana, akaitazama yote mpaka mwisho, akarudisha nyuma, akagonga kidole kwenye skrini pale ukingo wa mlango ulipobanduka: "Plaiwudi."

Basi, neno moja tu. Na mimi mtoto wa seremala! Mzee wangu Morogoro kachonga milango ya mninga miaka 30, mwanawe kaenda kushangilia plaiwudi ughaibuni. Kwenye komenti ndugu zetu nao hawakuniacha, kuna mmoja aliandika kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka usiku nageukia upande wa pili. Video nikaifuta.

Sasa sikia ujinga wenyewe. Kila siku nilikuwa napita na baiskeli karibu na Toro, hapohapo mjini Shizuoka, mabaki ya kijiji cha wakulima wa mpunga cha enzi za Yayoi, karibu miaka 2,000 iliyopita, yalifukuliwa mwaka 1943 wakati wa vita, watu wakijenga kiwanda. Nilikuwa napita tu, nitazame vibanda vya nyasi vya nini? Siku moja mvua ikanikamata nikajibanza chini ya ghala lao walilolijenga upya. Limeinuliwa juu ya nguzo, na juu ya kila nguzo, kabla hujafika sakafuni, kuna ubao mpana umelala kama sinia. Nikasimama nauangalia kama mjinga mpaka nikaelewa: panya akipanda nguzo anafika hapo anakosa pa kushika, anarudi alikotoka. Kwa bibi yangu tulikuwa tunazungushia bati miguu ya ghala la mahindi, kazi ileile! Wenyewe wanauita nezumi-gaeshi, yaani kitu cha kumrudisha panya.

Na ule ukuta unaozunguka wa ninja unaitwaje? Dondengaeshi. Hiyo gaeshi ni ileile, kurudisha, kugeuza. Hili hakunifundisha mtu, nililiona mwenyewe nimelowa, na ndo maana naringa nalo.

Ukishalibeba hilo kichwani nyumba zote zinafunguka. Nenda Kanazawa uone hekalu la Myoryuji, watu wanaliita hekalu la ninja japo ninja hawahusiki kabisa. Mtawala wa eneo lile enzi hizo, Maeda Toshitsune, ndiye aliyelihamishia hapo lilipo mwaka 1643. Ukoo wake utajiri ulihesabiwa kwa mchele, koku milioni moja, na koku moja ni mchele wa kumlisha mtu mwaka mzima, sasa piga hesabu mwenyewe ana ghala kiasi gani na panya anayemwogopa ni mkubwa kiasi gani: serikali ya ukoo wa Tokugawa, waliokuwa wanaitawala Japani nzima kutoka Edo, Tokyo ya leo. Majengo marefu yalikatazwa, basi jamaa kajenga nje linaonekana ghorofa mbili, ndani ni ghorofa nne, vyumba 23, ngazi 29. Sanduku la sadaka mlangoni likiondolewa ni shimo. Kuna ngazi ambayo ile sehemu ya wima ya kila kipandio ni karatasi, mwanga unapita, aliyejificha chini anaona kivuli cha miguu yako anakuchoma mkuki. Nilisimama pale vidole vya miguu vinanikunja vyenyewe.

Ushauri wangu: buku mapema. Mimi mara ya kwanza nilienda kichwakichwa bila kubuku, kosa langu asilimia mia, nikarudi na picha ya geti. Ndani hupigi picha, kwa hiyo nyie wa kontenti jipangeni kisaikolojia, tumieni macho, Mungu aliwapa bure. Na buku mapema.

Halafu Koka, mkoa wa Shiga. Kuna nyumba ya ukoo wa Mochizuki ya enzi za Genroku (1688 hadi 1704), hiyo ni nyumba ya ninja kweli, waliishi humo, na ukoo huo ulikuwa unatengeneza dawa. Nje nyumba ya kawaida ya chini, ndani ghorofa tatu, dondengaeshi ipo, shimo lipo, na hakuna mipira laini. Kyoto pita ngome ya Nijo, ukumbini mbao zinalia kama ndege ukikanyaga, ni vyuma na misumari vinasuguana chini ya sakafu, tembea taratibu usikilize. Watu wanakimbia mle kama wanawahi daladala, sijui huwa wanafuata nini.

Vijana wenzangu, tuache uvivu. Ukisema "usinipe historia" unaomba plaiwudi, na plaiwudi utauziwa. Heshimu nyumba ya mtu, vua viatu, vaa soksi zisizotoboka (nalijua hili kwa uchungu), na buku mapema, narudia.

Dada, nimekujibu hadharani, usinune. Nitumie tarehe zako kabla ya Ijumaa niwapigie simu Kanazawa, Kijapani changu cha kwenye simu bado kinachechemea ila huwa wananielewa. Na siku ya kwanza shukia Shizuoka.