Nimesoma ujasiriamali ila pesa ya vitumbua siioni

SUALI: Asalaam alaykum Shangazi. Mie napika vitumbua vya asubuhi hapa Wawi, Chake Chake. Mwezi ulopita tuliitwa mafunzo ya ujasiriamali siku tatu, tukafundishwa mpango wa biashara na cheti nikapewa. Napika vitumbua 80, kwa mia mbili mbili ni 16,000, natoa mchele 5,600, nazi 3,000, sukari 1,500, inabaki 5,900 lakini jioni sina kitu na mchele wa kesho nakopa dukani. Sasa tumeitwa mafunzo mengine, niende au nikae nipike zangu?

JAWABU: Waalaykum salaam mwanangu. Nenda, lakini kwanza tuhesabu, maana hiyo 5,900 unaila ukidhani faida kumbe bado imo mtaji. Mbona makaa huyataji? Mafuta je, hamira na iliki? Tuseme makaa 1,500, mafuta 2,000, hamira na iliki 500, hapo elfu nne ishaondoka umebakiwa na 1,900, yaani kitumbua kimoja kinakula shilingi 176 na wewe unakiuza 200. Haya nambie, watoto kabla ya skuli wanakula vingapi? Wakila kumi tu ni 2,000, ushaingia hasara na hata karai hujaliosha. Sisemi uwanyime, waache wanao wale, ila viandike daftarini, na wale wa "n'takulipa mwisho wa mwezi" waandike pia kwa majina.

Mie haya mafunzo nayapenda sana lakini naumia yanapoanza na mpango wa kuombea mkopo wakati mama hajajua kitumbua chake kinamgharimu shilingi ngapi. Kwa hiyo andika wiki nzima, kila senti, halafu lichukue hilo daftari umwambie mwalimu hesabu yangu hii hapa nioneshe pesa inapopotelea. Mkopo usiuguse kwanza, hata wa ZEEA, ule wakala wa Zanzibar wa kuwezesha wananchi kiuchumi, kwa faida ya 1,900 marejesho utayatoa wapi? Bora wewe na wenzio watatu wanne mchangie polo la mchele, na nazi mzifate shamba mununue kwa pamoja, hapo 176 itashuka bila kumpandishia mteja bei. Na pochi ya biashara iwe mbali na ya nyumbani, hata kopo la maziwa linatosha.

Wiki ikimalizika niandikie tena, nataka kujua makaa yamekula ngapi.