Friza imefika 18, mnunuzi anadai imepanda nyuzi 10

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nauza sangara wa kugandisha hapa Igombe, Mwanza. Friza yangu ni mtumba wa Marekani, kipimo chake ni cha Farenhaiti, na huwa naiacha kwenye 0. Mnunuzi wangu ana sharti moja: joto la mzigo lisipande zaidi ya nyuzi 3 za Selsiasi. Nikatumia kanuni ya shuleni: 3 mara 1.8, jumlisha 32, nikapata 37.4. Juzi umeme ulikatika, kipimo kikapanda mpaka 18. Sikuhangaika, maana 37 bado ilikuwa mbali. Mnunuzi kaja kaangalia, kakataa mzigo, eti umepanda nyuzi 10. Mimi nikibadilisha hiyo 18 napata -7.8. Kitu kinapandaje kwa hasi? Au nimeonewa?
Mama Sangara, Igombe

JIBU: Pole sana dada yangu. Hukuonewa. Hesabu zako zote mbili ni sahihi, ila zinajibu maswali ambayo mnunuzi hakuuliza.

Kanuni yenye 32 ni ya kubadilisha kipimo, yaani joto lilivyo wakati huo. Hiyo -7.8 ndiyo joto la friza yako kwa Selsiasi ilipofika 18. Ilianzia 0 ya Farenhaiti, ambayo ni -17.8. Toka -17.8 mpaka -7.8 ni nyuzi 10, kama alivyosema.

Mnunuzi alizungumzia badiliko, na kwenye badiliko 32 haiingii kabisa. Hapo kwenu mwaloni, chomeka mti mmoja karibu na ufukwe na mwingine mbele kwenye kina. Maji yatafika alama tofauti. Lakini ziwa likijaa shubiri moja, miti yote miwili itaonyesha shubiri ile ile, hata kama mmoja umezama zaidi. Hiyo 32 ni tofauti ya mahali miti ilipochomekwa tu: maji yanaganda kwenye 0 ya Selsiasi, na kwenye 32 ya Farenhaiti.

Kinachobaki ni ukubwa wa alama zenyewe. Toka kuganda hadi kuchemka, Selsiasi ina nyuzi 100, Farenhaiti ina 180. Kwa hiyo nyuzi 1 ya Selsiasi ni 1.8 za Farenhaiti, na nyuzi zake 3 ni 5.4. Ukianzia 0, mwisho wako ni 5. Bandika utepe mwekundu hapo. Hiyo 37 uliyokuwa unaisubiri ni nyuzi 3 juu ya kuganda. Ingefika huko, ungekuta samaki wanachuruzika maji.

Kwenda upande wa pili, gawanya kwa 1.8: kupanda 18 za Farenhaiti ni kupanda 10 za Selsiasi. Na siku ukiletewa karatasi inayosema badiliko lisizidi Kelvini 3 (Kelvini ni kipimo kingine cha joto), usishtuke. Kwenye badiliko, Kelvini na Selsiasi ni kitu kimoja.

Kabla hujakiamini kipimo cha mtumba, kijaribu. Wengi hutumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayochemka wakisubiri 212, alama ya kuchemka ya Farenhaiti kwenye usawa wa bahari, kisha wanakilaumu bure. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 96 za Selsiasi, yaani kama 205 za Farenhaiti. Tumia barafu: iponde, jaza kikombe, tia maji kidogo, koroga, tumbukiza kipimajoto kisichogusa kuta za kikombe. Baada ya dakika chache kisome 32. Kisha kiweke ndani ya friza ukilinganishe na kile cha mlangoni. (Na natumaini friza hiyo mnaiwasha kwa transfoma. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230.)

Jambo moja la kumwambia mnunuzi kwa heshima: kipimo cha friza kinapima hewa, na samaki walioganda hupata joto polepole kuliko hewa. Umeme ukikatika usifunue mfuniko kuchungulia. Umeme ukirudi, chukua samaki mmoja wa juu, toboa tundu jembamba mpaka katikati ya minofu, na uchomeke kipimajoto humo. Namba hiyo ndiyo ya kubishania. Kama huyo wa juu bado anasoma chini ya 5, mzigo wako ni mzima hata kama kipimo cha mlangoni kilifika 18.