Umri umeenda na bado hujatoka? Soma hii ya Fernando Rey

Mwezi uliopita nilienda usaili wa tamthilia, dada pale mlangoni akaniuliza eti nimemleta mwanangu. Nina miaka 44 wadau, niko kwenye sanaa tangu enzi za kundi la maigizo la mtaani, na kinachonilipia kodi mpaka leo sio sura ni sauti, naingiza Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki, humo kwa siku moja nishakuwa baba mkwe, daktari na jambazi.

Basi nikirudi home nimenuna huwa namkumbuka huyu Fernando Rey, muigizaji wa Hispania. Kazaliwa A Coruña 1917, alikuwa anasomea usanifu majengo, vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1936 ikavuruga kila kitu, akaishia kuwa ekstra kwenye muvi, wale wa kupita nyuma. Na unajua alikuwa anakulaje? Kuingiza sauti! Yule muigizaji Mwingereza Laurence Olivier kwenye muvi ya Hamlet, ile ya Kihispania, sauti ni ya Rey. Nilivyolijua hilo nilicheka peke yangu studio.

Kwao jina lilikuwepo, dairekta Luis Buñuel alishamtumia kwenye muvi ya Viridiana ya 1961, ila dunia ilikuja kumjua 1971, yuko na 54, tena kwa makosa. William Friedkin, dairekta wa The French Connection, alikuwa anamtaka Mhispania mwingine, Francisco Rabal, watu wake wakachanganya majina, uwanja wa ndege akashuka Rey. Friedkin kidogo amrudishe, akaja kuambiwa Rabal Kiingereza hajui kabisa. Rey anajua. Akabaki, muvi ikabeba Oscar 5, na pale anapompungia mkono askari huku treni inaondoka naye, aisee, mzee alivyotulia! 1977 akachukua muigizaji bora kule kwenye tamasha la filamu la Cannes.

Kwa hiyo wenzangu mliochoka, msiniambie niombe bahati. Bahati ilimfikisha uwanja wa ndege tu, kilichofanya asirudishwe ni lugha. Mimi mwaka jana nilikataa tangazo la Kiingereza kwa aibu, likachukuliwa na dogo niliyemfundisha kushika maiki mwenyewe. Sasa hivi kila asubuhi nasoma gazeti la Kiingereza kwa sauti saa nzima, wife anahisi nimechanganyikiwa. Na kazi za sauti nazo usizifanye nusunusu ukisubiri kamera, humo ndo unajifunza kupumua na kumsikiliza mwenzio.

Alhamisi kuna usaili mwingine, wanatafuta babu. Naenda.